Ukiweka hita ya gesi, bafu lako lipate hewa

BILI ya stima inapopanda kila mwezi, wakazi wengi wa mijini huamua kung'oa hita ya stima bafuni na kuweka ya gesi. Sababu zao zina mashiko. Maji hupata moto hata stima ikipotea, na ile hofu ya kupigwa na shoti ukiwa umelowa inapungua. Kama daktari, sina ugomvi na uamuzi huo. Hata hivyo, kuna jambo ambalo huenda muuzaji asikueleze dukani.

Hita ya stima haihitaji hewa. Hita ya gesi huwasha moto, na moto hula hewa ile ile unayovuta wewe.

Hebu tupige hesabu. Hita ndogo inayotoa lita 6 za maji kwa dakika huteketeza karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Kilo hiyo huhitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa. Ukioga kwa dakika 10, moto umetumia kama mita 2 za ujazo. Bafu la fleti lenye urefu na upana wa mita 1.5, na kimo cha mita 2.4, halifikishi hata mita 6 za ujazo. Watoto wakiingia baada yako, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa kwa sababu ya baridi, mambo huharibika. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo moto huhitaji hewa nyingi zaidi kuliko kule Mombasa.

Hewa ikipungua, gesi haiungui yote. Hapo ndipo hutokea kaboni monoksaidi, sumu ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Tangu mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024, wengi wetu tunaogopa gesi inayovuja. Gesi ya mtungi, angalau, hutiwa harufu kali ili uitambue. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi wala haiwashi macho.

Ikiingia mwilini, hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ubongo na moyo hukosa hewa ilhali unaendelea kupumua. Walio hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni, watoto wadogo, wenye upungufu wa damu na wagonjwa wa moyo.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kibovu. Jiulize maswali matatu: Je, kichwa huuma baada ya kuoga? Je, hupata nafuu ukitoka nje? Je, kuna mwingine nyumbani mwenye dalili hizo, na hakuna aliye na joto jingi mwilini? Ukijibu ndiyo, zima hita hiyo leo na umwone daktari.

Ukimkuta mtu ameanguka bafuni, fungua mlango na madirisha, zima gesi, umtoe nje haraka, kisha umkimbize hospitalini hata akizinduka. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa. Hayaondoi sumu hii. Mwambie daktari waziwazi kuwa kuna hita ya gesi bafuni, kwa maana kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali damu imejaa sumu. Bila tiba, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni ya hospitalini, huchukua kama saa 1 hadi 1 na nusu.

Dawa bora, msomaji, ni kinga. Ikiwezekana, hita ifungwe nje ya bafu, kwa mfano kwenye roshani iliyo wazi, na maji yaletwe kwa bomba. Ikiwa lazima iwe ndani, iwe na dohani ya kutoa moshi hadi nje kabisa. Usikubali fundi aielekeze kwenye ule uwazi mwembamba wa katikati ya fleti. Sumu itaingia kwa jirani, na yake itaingia kwako. Tundu la hewa ukutani lisizibwe kwa gazeti wala kitambaa.

Mtungi ukae wima, nje, mahali penye hewa. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti. Moto wenye afya ni wa samawati. Ukigeuka wa manjano au ukiacha masizi, zima na uite fundi aliyehitimu. Aidha, punguza joto la maji, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Ikiwa wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kununua hita. Bafu lisilo na dirisha wala nafasi ya dohani si mahali pa hita ya gesi. Afadhali ubaki na ya stima, umlipe fundi akague waya wa ardhini, na uoge kwa dakika chache.