Safari ya Watoto Huko Orlando

Mzazi anayetaka kuwapeleka wanawe kwenye viwanja vya burudani vya Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani, aghalabu huanza kwa kuhesabu bei ya tiketi. Heri aanze na mahali pa kulala. Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina viwanja vinne vikubwa vilivyotengana. Aliyepanga chumba karibu aweza kumrudisha mtoto adhuhuri, jua linapochoma, akalala, kisha wakarejea jioni kutazama fataki. Aliye mbali atambeba mgongoni kutwa, naye analia.

Lakini karibu ni ghali. Katika mji jirani wa Kissimmee zipo nyumba nyingi za kupangisha zenye jiko, na mama akipika mwenyewe fedha husalia. Hata chakula cha nyumbani huruhusiwa kuingizwa viwanjani, ila vileo na chupa za kioo hapana. Mtoto asiyetimiza miaka 3 halipiwi. Wa miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, basi mwenye binti wa miaka 9 asichelewe!

Askari wa huko wamefikiriwa vema. Hoteli yao ya Shades of Green, iliyofunguliwa mwaka 1994, hutoza kwa kadiri ya cheo: koplo halipi sawa na kanali.

Majira ya vimbunga ni Juni hadi Novemba. Tena, wapimeni watoto kabla ya kuondoka: asiyefikia sentimita 112 hapandi Space Mountain, hata alie vipi.