Kambale, Mkuki na Mamba: Uvuvi wa Msimu wa Mvua katika Bonde la Rukwa

Mvua zinapoanza mwezi Novemba, mito inayoteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kupitia Lyamba lya Mfipa hufurika katika mbuga za bondeni, na kambale wa Ziwa Rukwa huyafuata maji hayo. Usiku hupanda hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina cha goti ili kutaga mayai. Ndipo watu hutoka na mikuki na taa.

Wapo vijana waliowahi kuishi Pwani, wakaona wazamiaji wakichoma nguru na hata papa kwa bunduki za mkuki, wakadhani kazi ni ile ile. Sivyo. Ziwa Rukwa halina papa, na tope lake halimruhusu mzamiaji kuona hata ncha ya mkuki wake. Mvuvi wa huku husimama, hungoja, kisha huchoma.

Ustadi wake si mdogo. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, hivyo samaki huonekana juu kuliko alipo, na anayelenga pale anapomwona humkosa. Kichwa cha kambale ni mfupa mtupu na mkuki huteleza juu yake. Panapochomeka ni mgongoni, nyuma ya kichwa. Akishatolewa majini hafi upesi, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa, na miiba ya mapezi yake ya kifuani hujeruhi vibaya kiganja cha asiye mwangalifu.

Mkuki una sifa ambayo nyavu za matundu madogo hazina: hauzoi samaki wachanga. Kasoro yake ni kwamba mchomaji huchagua mkubwa, na mkubwa wa usiku huo mara nyingi ni jike lenye mayai, pengine makumi ya maelfu. Mayai hunata kwenye majani na huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili bila ulinzi wa mzazi. Jike likichomwa kabla ya kutaga, hasara huonekana baadaye, samaki wanapoadimika sokoni Sumbawanga. Mwenye subira huwaacha wapande, akawangoja wanaporejea ziwani.

Hatari kubwa zaidi ni mamba. Damu na purukushani ya samaki aliyechomwa humvuta, na mvuvi anayefunga samaki kiunoni huwa amejifunga chambo. Samaki apelekwe nchi kavu mara moja. Kabla ya kuingia majini, ukingo umulikwe kwa tochi, kwani macho ya mamba hung'aa mekundu gizani. Asiingie mtu peke yake, wala mtoto asipewe kazi ya kubeba taa ndani ya maji.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinamtaka mvuvi awe na leseni, na zinakataza kabisa sumu na baruti. Leseni hutolewa na Halmashauri. Anayekusudia kutumia mkuki au chombo kingine chochote amwone kwanza Ofisa Uvuvi, aelezwe zana na maeneo yanayoruhusiwa.

Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mamba, familia inaweza kuomba kifuta machozi chini ya Kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa kwa ajili ya madhara ya wanyamapori wakali. Fedha hizo si fidia, nazo hazilingani na mkono uliopotea, lakini wengi huzikosa kwa kuchelewa kutoa taarifa. Tukio liripotiwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye hulifikisha kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya. Majeruhi achukue fomu ya PF3 kituo cha polisi na kutunza karatasi zote za hospitali. Mamba aliyezoea kivuko au mahali pa kuchotea maji aripotiwe vivyo hivyo, hata kama bado hajamgusa mtu.