Baridi ya Nyanda za Juu Kusini (2): Jalidi ya Agosti

Agosti ikifika Njombe, kofia za sufu huanza kuvuliwa mnamo saa nne asubuhi na kurudi vichwani jua linapozama. Mchana unapendeza, anga ni jeupe, vumbi linatimka kwenye barabara za vijijini. Mgeni aliyeshuka jana kwenye basi la Dar es Salaam anaweza kudhani kipupwe kimekwisha. Mwenye viazi bondeni hadhani hivyo.

Makala iliyopita ilieleza baridi hii inakotoka: mgandamizo mkubwa wa hewa wa Mascarene, kusini mwa Bahari ya Hindi, unaosukuma upepo wa kusi mpaka ukagota milimani. Juni na Julai upepo huo hupanda na mawingu na manyunyu, hasa upande wa mashariki, Lupembe na Mufindi. Ni baridi ya kero, nguo hazikauki na kuni zinafuka moshi tu. Hata hivyo, wingu hilo linalonung'unikiwa ndilo blanketi la mkulima. Usiku ardhi hutoa joto ililolimbika mchana, na wingu hurudisha sehemu yake chini. Anga likitakata na upepo ukitulia, joto linapaa lisirudi. Usiku wa namna hiyo ndio wa jalidi, na Agosti inao.

Tena jalidi haipigi kila mahali. Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto, hivyo huteremka mteremkoni taratibu na kutuama mabondeni. Huko ndiko viliko vinyungu, mashamba madogo ya kiangazi yanayolimwa kwa sababu bonde hubaki na unyevu mvua za msimu zikishakwisha. Mkulima amefuata maji, na baridi nayo imefuata njia ileile. Asubuhi shamba la juu kidogo mteremkoni linakutwa kijani kibichi, la chini yake limefunikwa weupe.

Hapo huzuka ubishi na redio. Taarifa imesema nyuzi 3 za Selsiasi, iweje basi viazi viungue? Taarifa si ya uongo. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Katika usiku mtulivu, majani yaliyo karibu na udongo huwa ya baridi zaidi, na yanaweza kushuka chini ya sifuri huku kipimajoto kikiwa bado juu yake.

Maji yaliyo kati ya seli za jani huganda kwanza, kisha barafu hiyo huvuta maji yaliyo ndani ya seli, zikakauka na utando wake kupasuka. Jua likichomoza, jani hulegea, na kabla ya mchana kupita limekuwa jeusi kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Kiazi chenyewe kiko salama ardhini, ila mmea usio na majani hauna cha kukinenepesha. Dawa ya duka hairudishi jani lililokufa. Kinachosaidia ni kumwagilia jioni, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu, na kufunika vitalu kwa nyasi.

Ndani ya nyumba adui ni mwingine. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu husinzia tu. Onyo hili hurudiwa kila kipupwe, na kila kipupwe lina sababu ya kurudiwa.

Maisha mengine yanaendelea. Ulanzi umeadimika, maana mianzi hugemwa wakati wa mvua. Magunia ya viazi yanapakiwa kwenye malori yakiwa na vilemba vya lumbesa, marufuku au si marufuku. Tarehe 8 wenye nafasi huteremka Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, kwa Nane Nane.

Kule Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake haina maua mengi ya kuonyesha sasa. Nyasi zimekuwa kahawia. Wakati huohuo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 475 tu, watu wanavaa mashati mepesi.

Nyasi hizo za kahawia zina habari yake. Jalidi huziua, jua la Agosti huzikausha, na ifikapo Septemba huwa kuni tupu zilizotandazwa hadi kwenye misindano na miwati ya watu. Moto unaozuka hapo, na barabara za kuuzuia, ndiyo mada ya wiki ijayo.