Konokono wa Kufugwa na Kalsiamu Iliyofungwa Ndani ya Jani

Wafugaji wa konokono wa nyumbani, ambao wengi wao wako Ulaya, huulizana mara kwa mara ni mimea ipi na majani makavu ya mti gani yanayoweza kuwekwa salama ndani ya sanduku la kioo anamoishi mnyama huyo. Swali hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu miongoni mwa konokono wanaofugwa sana katika nyumba za Uingereza ni Lissachatina fulica, konokono mkubwa wa nchi kavu ambaye asili yake ni ukanda wa pwani wa Kenya na Tanzania na ambaye gamba lake laweza kufikia urefu wa sentimita 20. Jibu ambalo mfugaji hupewa kwa kawaida ni orodha ndefu ya mimea inayofaa na isiyofaa. Orodha hizo zina manufaa yake, lakini hazisemi sababu, na anayeijua sababu hahitaji kukariri majina mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jambo hili inategemea namna jani linavyoihifadhi kalsiamu yake.

Gamba la konokono ni kaboneti ya kalsiamu, yaani mada ileile inayounda mawe ya chokaa, iliyoshikanishwa kwa protini kidogo. Hutengenezwa na utando wa nyama ulio kwenye ukingo wa gamba, na kwa kuwa gamba hukua pamoja na mwili, mahitaji ya kalsiamu huanza siku ya kwanza ya uhai: kitoto cha konokono kinapoanguliwa, huanza kwa kula ganda la yai kilimotoka. Mfugaji huongeza kalsiamu kwa maganda ya mayai yaliyosagwa au kwa ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni. Konokono wa porini hana mtu wa kumsagia maganda, na sehemu kubwa ya kalsiamu yake humfikia kupitia udongo na majani yaliyoanguka.

Kalsiamu huingia mtini kwa mizizi pamoja na maji, hupanda hadi kwenye jani, na maji yanapotoka kama mvuke kalsiamu hubaki palepale, kwa sababu njia inayorudisha sukari kutoka kwenye jani kwenda sehemu nyingine za mmea haibebi kalsiamu kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo jani hujilimbikizia kalsiamu kadiri linavyozeeka. Ikizidi ndani ya seli huwa na madhara, na mimea mingi huidhibiti kwa kuiunganisha na asidi ya oksaliki, ili ipatikane oksaleti ya kalsiamu, chumvi isiyoyeyuka katika maji, ambayo hukaa ndani ya jani kama fuwele, yaani vipande vigumu vyenye umbo maalumu. Katika jamii ya magimbi fuwele hizo ni sindano nyembamba zilizopangwa kwa mafungu, na ndizo zinazomwasha mdomo na koo anayekula gimbi lisiloiva vizuri. Mimea mingi ya mapambo inayopendwa majumbani, kama vile Dieffenbachia, Philodendron, Epipremnum na Monstera, ni ya jamii hiyohiyo, na hapo ndipo ilipo sababu ya kuiweka mbali na konokono.

Oksaleti isiyo na umbo la sindano haichomi mdomo, lakini nayo huifunga kalsiamu. Majaribio yaliyofanywa kwa binadamu nchini Marekani yalionyesha kwamba mwili hufyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu iliyomo katika spinachi, ilhali katika mboga za jamii ya sukuma wiki, ambazo zina oksaleti kidogo sana, hufyonzwa takriban asilimia 40. Mfugaji anayemlisha konokono spinachi au mchicha kila siku kwa imani kwamba mboga hizo zina madini mengi humpa madini mengi yasiyofunguka, na afadhali angempa sukuma wiki.

Jani lililoanguka lina habari nyingine. Tabaka la majani makavu juu ya udongo wa msitu halina jina moja lililozoeleka kwa Kiswahili: takataka za majani ni jina linalolidhulumu, kwa kuwa hakuna kinachotupwa hapo, na mboji ni hatua ya mwisho, wakati jani limekwisha kupoteza umbo lake. Hapa litaitwa matandazo, neno ambalo wakulima hulitumia kwa majani yanayotandazwa shambani kuhifadhi unyevu.

Kinachotokea ndani ya matandazo kinafanana na namna muhogo mchungu unavyotayarishwa kuwa udaga katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Muhogo ulio na sumu hauliwi ulivyochimbwa: humenywa, hurundikwa, hufunikwa na kuachwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, kisha hukwanguliwa, hukaushwa na kusagwa. Ukungu huo, ambao mgeni angeuona kuwa ni uharibifu, hubomoa kuta za seli za muhogo, na kuta zikibomoka chembe zenye sumu hukutana na kimeng'enya ambacho awali kilitenganishwa nazo, sumu ikavunjwa na kutoka kama hewa. Jani la msituni hurundikwa na upepo, hulowanishwa na mvua na kuota ukungu vilevile, na nyuzi za kuvu hupenya na kulegeza kuta zake. Tofauti ni kwamba katika muhogo kimeng'enya hutoka katika muhogo wenyewe, ilhali katika jani kazi ya mwisho hufanywa na viumbe wengine, yaani bakteria ambao chakula chao ni oksaleti. Bakteria hao huivunja ili wapate nishati, asidi ya jani hupungua, na kalsiamu iliyoachiliwa huungana na kaboneti, kiasi kwamba chumvi isiyomfaa konokono hugeuka kuwa mada ileile ambayo gamba lake limejengwa kwayo.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa mwendo huu unatoka katika mvule. Maseremala wanajua kwamba ndani ya gogo la mvule huweza kufichika jiwe linaloharibu msumeno. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel nchini Uswisi, waliochunguza miti hiyo nchini Kodivaa, walieleza kwamba mti, kuvu na bakteria kwa pamoja hugeuza oksaleti kuwa kaboneti ya kalsiamu, ndani ya shina na katika udongo unaolizunguka, hata pale ambapo udongo wa eneo zima kwa asili ni wa asidi. Mti mmoja, kwa msaada wa viumbe wasioonekana kwa macho, hutengeneza chokaa mahali pasipo na chokaa.

Miti haifanani, na hilo lilithibitishwa kwa konokono wenyewe. Mtafiti Ingvar Wäreborn, katika kazi alizochapisha kati ya 1969 na 1979 kuhusu misitu ya kusini mwa Sweden, alionyesha kwamba konokono husitawi na kuzaliana vizuri zaidi penye majani ya miti kama Tilia na Fraxinus, ambayo huhifadhi kalsiamu nyingi kama sitreti inayoyeyuka, kuliko penye majani ya mwaloni na ya miti ya Fagus, ambayo huihifadhi kama oksaleti. Wafugaji wa Ulaya hupenda mwaloni na Fagus kwa sababu majani yake hukawia kuoza, na majani hayo ni salama, lakini yakitumiwa peke yake tena yangali mapya humpa konokono makazi bila kumpa chakula cha kutosha. Mchanganyiko ni bora.

Desturi ya kuchemsha majani au kuyachoma katika oveni kabla ya kuyatumia inastahili kutazamwa upya, kwa kuwa huwaua kuvu na bakteria wanaolifanya jani kuwa chakula. Anayelazimika kuchemsha ayaloweshe tena na kuchanganya nayo gao moja la matandazo yaliyokwisha kuanza kuoza. Majani yaokotwe mbali na barabara na mashamba yanayopigwa dawa. Mimea hai inayofaa ni feri, kuvumwani na Chlorophytum. Mikono ioshwe kila baada ya kumshika konokono, ambaye anaweza kubeba minyoo, na asiachiliwe kamwe nje ya nchi za asili yake. Wakati wa kusafisha sanduku, kinyesi na chakula kilichovunda viondolewe, lakini tabaka la chini lenye majani meusi laini liachwe na majani mapya yawekwe juu yake, kwa sababu tabaka hilo ndilo linaloyaambukiza majani mapya kuvu na bakteria wanaohitajika.