Uhuru wa Pili wa Tarehe 9 Desemba

Kila tarehe 9 Desemba Watanzania tunakumbuka mwaka 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na mwenge ukawashwa kileleni mwa Mlima Kilimanjaro. Watoto wetu wanaijua tarehe hiyo kabla hawajajua kuzidisha. Ni wachache mno wanaojua kwamba miaka 18 baadaye, tarehe ileile, jopo la wanasayansi lililoongozwa na Frank Fenner wa Australia lilitia saini huko Geneva waraka wa lugha sita uliothibitisha kwamba ndui imekwisha duniani. Natamani siku hiyo tuyasherehekee yote mawili.

Tarehe hizo zimekutana kwa bahati tu, na hesabu inaonyesha kwamba bahati hiyo si ya ajabu. Mwaka una siku 365, ilhali mambo makubwa yaliyowahi kutokea duniani hayahesabiki. Wakusanye watu 23 tu chumbani: uwezekano wa wawili wao kuwa wamezaliwa tarehe moja unazidi nusu, kwa kuwa humo mna jozi 253 za kulinganisha. Kwa hiyo mtu akikwambia tarehe fulani ina nuksi, mwulize amepitia matukio mangapi kabla ya kuyapata hayo mawili. Lakini katika habari ya ndui ipo tarehe nyingine iliyojirudia, na hiyo ilirudiwa kwa makusudi.

Kwanza tuseme ndui ilikuwa nini, maana wengi waliozaliwa baada ya 1980 wanaidhania kuwa tetekuwanga. Ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha vipele vikajaa usoni, mikononi na miguuni, vikatunga usaha. Aina yake kali iliua takriban watu 3 kati ya kila 10 iliowashika. Walionusurika walibaki na makovu ya uso maisha yao yote, na wengine wakapofuka. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 pekee iliua watu milioni 300.

Chanjo yake ilikuwepo zamani. Mwingereza Edward Jenner alimchanja mtoto wa kwanza tarehe 14 Mei 1796, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Hata hivyo, hadi mwaka 1967 ndui ilikuwa bado ikishika watu zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Kumbe kuwa na kinga ni jambo moja, na kujua namna ya kuitumia ni jingine. Huo ndio ugunduzi ninaotaka ueleweke.

Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege alikuwa na chanjo chache mno kwa watu wote wa eneo lake. Alichofanya ni kutumia redio za mawasiliano za wamisionari kuuliza kila kijiji: nani ana vipele? Palipopatikana mgonjwa, timu yake ilichanja watu waliomzunguka, na vijiji alivyoelekea kuambukiza. Anayezima moto wa mbuga hamwagi maji mbuga nzima. Hufyeka ukanda mbele ya moto, ukafika ukakosa cha kuunguza. Ndui ikakosa watu, ikafa, ingawa wengi wa eneo lile hawakuwa wamechanjwa.

Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu ya udhaifu wa kirusi chenyewe. Ndui iliishi kwa binadamu tu, haikuwa na mnyama wa kujificha kwake. Mgonjwa alionekana kwa macho. Tangu mtu aambukizwe hadi augue zilipita takriban wiki mbili, na aliyechanjwa siku tatu za mwanzo kwa kawaida aliepuka ugonjwa au akaugua kidogo. Kulikuwa pia na sindano ndogo yenye ncha mbili, iliyobeba tone moja la dawa katikati ya ncha zake. Mchanjaji alidonoa ngozi ya mkono mara 15, kazi ikaisha. Si lazima awe daktari. Wazee wetu wengi bado wana kovu la chanjo hiyo, ila tusilichanganye na kovu la chanjo ya kifua kikuu tulilo nalo sisi wengine.

Mnyororo mrefu wa ndui ya kawaida ulikatikia Merca, mji wa pwani ya Somalia. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa lilipotea njia, na Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye umri wa miaka 23, akapanda kulielekeza kituo cha kutengea wagonjwa. Safari ilichukua dakika chache. Yeye hakuwa na kinga. Alieleza baadaye kwamba alikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Homa ilipomshika alitibiwa malaria. Vipele vilipomtoka tarehe 26 Oktoba, ilidhaniwa ni tetekuwanga. Mwenzake kazini ndiye aliyetoa taarifa. Wakatafutwa watu 161 waliokutana naye, na katika wiki mbili zaidi ya watu 54,000 wakachanjwa. Maalin alipona, na hakumwambukiza hata mmoja.

Wataalamu walikuwa wameweka sharti: ipite miaka miwili bila mgonjwa, huku kila upele unaotiliwa shaka ukipimwa, ndipo eneo litangazwe safi. Ndiyo maana Halfdan Mahler, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alikuja Nairobi kutangaza kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili tangu vipele vya Maalin. Wiki sita baadaye zikafuata saini za Geneva. Maalin mwenyewe alikuja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini mwake, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Ndui ilipokwisha, uchanjaji ulikoma, na hapo habari hii inatugusa sisi wa leo. Chanjo ile ilikinga pia, kwa kiasi kikubwa, dhidi ya mpox, ugonjwa wa ukoo uleule uliotambuliwa kwa binadamu huko Kongo mwaka 1970. Waliozaliwa baadaye hawana kinga hiyo. Mwaka 2023 aina mpya ilizuka Kamituga, Kivu Kusini, na mwaka uliofuata ikafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Hii haiwezi kufutwa kama ndui, kwa sababu ina wanyama inaoishi ndani yao. Mbinu ya kuzingira, hata hivyo, inaifaa: mgonjwa apatikane mapema, aliokutana nao wajulikane, wachanjwe.

Basi ukitokwa na vipele vya usaha pamoja na homa, usijifungie ndani kwa kuona haya, wala usingoje vikauke. Nenda kituo cha afya, na umtajie mhudumu kila uliyelala naye, uliyekula naye na uliyesafiri naye.