Uamuzi Uliofanywa Kabla Hujaiwasha

Tuseme mkazi wa Loresho, Nairobi, ana kipakatalishi kikuukuu lakini kizima. Windows 10 iliyomo iliishiwa na huduma ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, kwa hiyo anachomeka flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Anaulizwa lugha, kibodi na saa za eneo. Akibofya Kenya kwenye ramani, linatokea jina Nairobi, lile lile linalobeba pia saa za Dar es Salaam na Kampala katika Linux.

Maswali ni machache. Mengine yote yameshaamuliwa na wengine.

Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imewahi kuwaudhi watumiaji wake kwa maamuzi hayo. Mwaka 2010 vitufe vya kufunga madirisha vilihamishiwa kushoto. Mwaka uliofuata ukaja mwonekano mpya, Unity, ulioachwa mwaka 2017. Waliochukizwa wangeweza kuhamia mfumo mwingine, Linux Mint, na mafaili yao yote, na huo ni uhuru wa kweli.

Lakini kitufe kilichohama unakiona. Oktoba 2012, toleo la 12.10 lilianza kufanya jambo lisiloonekana: neno uliloandika kutafuta faili lako mwenyewe lilitumwa pia kwenye seva za Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ili uletewe bidhaa za Amazon. Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, aliita huo ujasusi. Watetezi walisema mtu angeweza kuuzima utafutaji huo kwenye mipangilio. Angeweza, naam, kama angejua kwamba upo. Na kwa anayenunua bando la siku, hata intaneti iliyotumika ilikuwa yake. Utafutaji huo haukuzimwa tangu mwanzo hadi toleo la Aprili 2016.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 41, inaliweka jukumu mahali panapostahili: mwenye kukusanya data ahakikishe kwamba, mtumiaji asipogusa chochote, zinashughulikiwa zile tu zinazohitajika kwa kusudi husika.

Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2018, Ubuntu 18.04 ilijitahidi zaidi kuliko lile toleo la 2012. Ilimwuliza mtumiaji waziwazi kama angependa kutuma ripoti kuhusu mashine yake, ikamruhusu kuisoma kwanza. Ndani yake mlikuwa na aina ya kichakataji, ukubwa wa kumbukumbu, na saa za eneo alizochagua kwenye ramani. Jibu la “ndiyo” lilikuwa limeshatiwa alama.