Simu Iseme Kiswahili Gani? Mahitaji ya Watumiaji wa Teknolojia Kusini mwa Maniema

Sauti bandia ya Kifaransa ikipewa maandishi ya Kiswahili iyasome, huyasoma kwa kanuni za Kifaransa. Neno chakula huwa shakula, na pesa huwa peza. Herufi j katika jina hugeuka sauti iliyo katikati ya z na sh, ambayo Kiswahili hakinayo. U hutamkwa kwa midomo ya u na ulimi wa i. Na katika ongeza silabi ya kwanza hupandia puani, huku g ikilainika hata neno lisitambulike. Kwa mwenye macho mazima jambo hilo ni kichekesho. Kwa asiyeona, ambaye simu yake haina njia nyingine ya kumweleza kilichoandikwa, ni sawa na kukabidhiwa barua iliyonyeshewa mvua.

Makala haya yanalitazama tatizo hilo katika wilaya mbili za kusini mwa jimbo la Maniema, yaani Kasongo na Kabambare, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro zinazodhaniwa kuwa za mitambo, pale teknolojia inapowashinda wazee, wasioona, wasiosoma na wagonjwa, ni kasoro za lugha. Kwa hiyo mafundi peke yao hawawezi kuzirekebisha.

Hali ya lugha

Kiswahili si mgeni wa juzi katika sehemu hizo. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa biashara katika himaya ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mwezi wa Aprili 1893. Kabambare kilikuwa kituo katika njia ya misafara kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika. Wangwana waliofuatana na misafara hiyo ndio walioipa lugha jina la Kingwana. Leo Wazimba, Wakusu na Wabangubangu, pamoja na lugha zao za nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni, kanisani na msikitini, nacho husikika redioni. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutangaza kwa Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na simu, kama alivyo karani wa serikali, aghalabu huanza kwa lugha rasmi.

Hapo ndipo pana mwanya. Mzee wa Kabambare anaweza kukizungumza Kiswahili maisha yake yote bila kuwahi kukisoma, kwa kuwa shule ilimfundisha Kifaransa au haikumfundisha kitu. Mwingine amesoma chuoni, anazijua herufi za Kiarabu vizuri, lakini katika fomu za miradi huandikwa kuwa hajui kusoma. Ukiongeza maradhi ya macho, uzee, na majeraha yaliyoachwa na vita vya 1996 hadi 2003 na mapigano yaliyofuata, inadhihirika kwamba mtumiaji wa kawaida ambaye waundaji wa programu humfikiria, kijana asomaye haraka, mwenye vidole vyepesi na umeme wa kutosha, ni mmoja tu kati ya wengi.

Namba ya siri isiyo siri

Huduma za kutuma pesa kwa simu zilienea Kongo kuanzia mwaka 2012, miaka mitano baada ya M-PESA kuanzishwa Kenya. Katika wilaya ambazo benki ni adimu na barabara ni mbovu, faida yake haihitaji kuelezwa. Kinachohitaji kuelezwa ni namna inavyofanya kazi kwenye simu ndogo ya vitufe. Mtumiaji hubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli. Mtandao humrudishia maandishi mafupi yasiyozidi herufi 182. Naye hujibu kwa tarakimu. Mazungumzo hayo hayahitaji intaneti, na hii ndiyo nguvu yake. Lakini hayabebi sauti, na mtandao hauna subira: mtumiaji akikawia, mazungumzo hukatika, naye hurudi mwanzo.

Anayekawia ni nani? Ni anayetetemeka mikono, anayesogeza simu karibu na jicho, anayesoma neno kwa silabi, na asiyesoma kabisa. Njia iliyobaki kwake ni kumpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Mara nyingi wakala ni mwaminifu, au ni mtoto wa jirani. Hata hivyo, mpango unaomlazimu mtu amtegemee mwingine ili atumie fedha zake mwenyewe umempunguzia uhuru uleule uliodai kumletea. Mjane asiyeona hawezi kuweka akiba bila mtaa kujua kiasi chake. Kosa hapa si la wakala wala la mjane, bali la muundo uliodhani kwamba kila mwenye simu ana macho, ana shule na ana haraka.

Tiba inajulikana. Ni huduma ya sauti, ambayo mtu hupiga namba, husikiliza maneno yaliyorekodiwa, kisha hubonyeza tufe. Hufanya kazi kwenye simu ya aina yoyote. Huko Gujarat nchini India, huduma ya Avaaj Otalo iliwawezesha wakulima kuuliza maswali na kusikiliza majibu kwa njia hiyo, bila kuandika neno. Ugumu wake ni kwamba sauti hupita na kwenda zake. Anayesoma anaweza kurudisha jicho kwenye mstari wa kwanza. Anayesikiliza menyu ya mambo tisa hufika la tisa akiwa amelisahau la pili. Kwa hiyo menyu ya sauti hapana budi iwe fupi, itaje kwanza jambo kisha tarakimu yake (“kutuma pesa, bonyeza moja”, si kinyume chake), na iruhusu kurudia bila adhabu.

Somo la kijiti

Kabla ya kuendelea na simu, inafaa kukitazama chombo kimoja kisicho na umeme wala betri. Maniema ni miongoni mwa majimbo ya Kongo yenye ugonjwa wa usubi, uitwao pia upofu wa mtoni, unaoenezwa na inzi wadogo wazaliao katika maji yaendayo kasi. Mpango wa Afrika wa kupambana na ugonjwa huo, uliodumu kuanzia 1995 hadi 2015, uliweka ugawaji wa dawa ya ivermectin mikononi mwa wanavijiji wenyewe. Dawa hiyo hutolewa kwa kadiri ya uzito, lakini mizani ni ghali, huharibika, na humtaka mtu ajue kusoma na kupiga hesabu. Badala yake ukatumiwa urefu, na mgawaji akapewa kijiti chenye alama. Chini ya sentimeta 90 mtoto hapewi. Kuanzia 90 hadi 119 kidonge kimoja cha miligramu 3. Kuanzia 120 hadi 140 viwili. Kuanzia 141 hadi 158 vitatu. Na kuanzia 159 kwenda juu vinne.

Hesabu yote imehamishwa kutoka kichwani mwa mgawaji ikawekwa kwenye mti. Mgawaji haulizwi Kifaransa chake wala Kiswahili chake. Aliyebuni kijiti hicho hakuanza kwa kuuliza chombo gani ni cha kisasa. Aliuliza mtu atakayekishika anaweza nini, na akaliondoa kila jambo asiloliweza. Vyombo vingi vya tarakimu vinavyopelekwa vijijini huifuata njia ya pili kutoka mwisho: chombo huja kwanza, kisha mtu hufunzwa kukiweza.

Hata hivyo kijiti nacho kina mipaka. Mzee aliyepinda mgongo hupimika mfupi kuliko alivyo, na asiyeweza kusimama hapimiki. Kwao alama hazina jibu, na uamuzi hurudi kwa binadamu. Hapana chombo kinachomtosha kila mtu. Kilicho bora huacha nafasi ya mtu wa kuulizwa pale kinaposhindwa.

Sauti ya nani?

Tuseme basi sauti imekubaliwa. Je, iseme Kiswahili kipi? Kiswahili cha Kasongo kinasifika kuwa karibu zaidi na cha pwani kuliko kile cha Lubumbashi, na kwa sababu hiyo mbunifu anaweza kushawishika kuchukua sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Nairobi na kuipeleka huko kama ilivyo. Sentensi nyingi zitaeleweka. Hatari imo katika chache zisizoeleweka, na hasa zile zinazoeleweka vingine.

Mfano wa kwanza ni mganga. Katika Kiswahili cha Kongo, munganga ni tabibu wa hospitali. Tanzania, mganga bila maelezo zaidi humleta akilini mtu wa mizizi na ramli. Ujumbe uliotungwa Dar es Salaam kuwaonya wagonjwa wasimkimbilie mganga kabla ya kwenda kituo cha afya, ukisikilizwa Kabambare, unaweza kuwa unamkataza mama asimpeleke mtoto kwa daktari. Maneno ni yaleyale na sarufi haina dosari, lakini ushauri umepinduka.

Mfano wa pili ni saa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kunapopambazuka, na ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya hospitali na ofisi, huanza usiku wa manane. Simu inayomkumbusha mgonjwa ameze dawa “saa mbili” bila kusema ya lini, na bila kujua msikilizaji anahesabu kwa mtindo upi, inaweza kukosea kwa saa sita. Ni salama zaidi kusema “asubuhi baada ya kula”, au katika mji wenye Waislamu wengi kama Kasongo, kuitaja swala ya magharibi. Vivyo hivyo hesabu: Wakongo wengi hutaja fedha na namba za simu kwa tarakimu za Kifaransa hata wanapozungumza Kiswahili. Salio la simu lenyewe huitwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya vipimo, kwa hiyo “huna salio la kutosha” yumkini likapita sikioni bila kutua.

Upande wa mashine kumsikiliza mtu ni mgumu zaidi. Mashine hujifunza kutambua usemi kutokana na rekodi nyingi. Ikiwa rekodi hizo ni za wasemaji wanaosema watu na vitu, itababaika kwa batu na bitu, maumbo yaliyoenea Kongo. Na ikiwa wote waliorekodiwa ni vijana wenye meno kamili, mzee asiye na meno na mwenye kigugumizi watabaki nje ya mlango, hata wawe wanasema Kiswahili sanifu. Wenye kuorodhesha lugha za dunia wamekwisha kulitambua tatizo hili kwa sehemu: viwango vya kimataifa vinakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha mashariki, na mkusanyo wa tafsiri za habari za UVIKO uitwao TICO-19, uliotolewa mwaka 2020, uliviweka viwili hivyo mbalimbali. Wapo wanazuoni wanaochelea kwamba kutenganisha huku kunaivunja lugha moja. Hofu hiyo ina msingi katika siasa ya lugha, lakini si kitandani pa mgonjwa.

Wasiosikia, na majina yao

Sauti, ambayo ni mlango kwa asiyeona, ni ukuta kwa kiziwi. Lugha za alama zinazotumika katika shule nyingi za viziwi za Afrika ya Kifaransa zina asili katika kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, ambaye alianza kufungua shule nchini Ghana mwaka 1957. Lugha hizo zinahitaji picha zinazotembea, na picha zinahitaji intaneti yenye kasi, ambayo nje ya miji ni ya kubahatisha. Kiziwi wa kijijini ambaye hakusoma hana njia kwenye menyu ya maandishi wala ya sauti. Kwake, michoro na video fupi zilizohifadhiwa ndani ya simu yenyewe ndilo jambo linalowezekana kwa sasa.

Suala la majina nalo si dogo. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli ya kiti na kisu, ingawa upatanisho wao katika Kiswahili sanifu ni wa viumbe hai. Tanzania imehama kutoka kilema hadi mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Menyu inayosema “kama wewe ni kilema, bonyeza tatu” ni fupi, na kwa huduma ya sauti ufupi ni sifa. Lakini ni watu wangapi watakaoibonyeza? Afadhali kutaja hitaji kuliko kumtaja mtu: “kusomewa polepole, bonyeza tatu”. Tufe hilo litabonyezwa pia na mwenye macho mazima aliyemshika mtoto mkono mmoja.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inawaahidi wazee na wenye ulemavu hifadhi maalumu. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake yenyewe. Kisichokuwapo ni maneno ya kutekelezea sheria hizo katika simu ya shilingi chache.

Kazi hiyo ya maneno si ya mabilioni. Menyu ya kutuma pesa ni sentensi chache, na kengele ya dawa ni chache zaidi. Zinaweza kutungwa na wanafunzi wa Kiswahili wa Kindu, zikarekodiwa kwa sauti za mtu wa Kasongo na mtu wa Kabambare, kisha zikapelekwa kwa wazee ambao hawakuhudhuria utungaji. Wasiulizwe kama wamezipenda, kwani kwa adabu watasema ndiyo. Waombwe wazirudie kwa maneno yao, na waoneshe kwa kidole tufe wanaloambiwa kubonyeza.